Majibu ya 38, na daftari langu la salfa

Mkojo ulinifunga mwezi wa tatu, katikati ya mavuno ya zabibu hapa Hombolo, Dodoma. Kutoka kidogokidogo nilishakuzoea. Karibu mwaka mzima nilikuwa naamka mara nne usiku. Siku hiyo halikutoka hata tone, tumbo likavimba chini ya kitovu, na mwanangu akanikimbiza mjini. Wakaniwekea mpira wa kutolea mkojo.

Huo mwaka mzima niliupoteza, na ushauri wa watu umenichangia. Shemeji alisema ni UTI, nikameza antibiotiki za duka la dawa mara tatu bila kupimwa. Mwingine akaniuzia unga wa mizizi, elfu hamsini kichupa. Na kijiweni waliniambia nikienda hospitali nitapimwa tezi dume kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, heshima yangu itakuwa imekwisha. Hili la kidole linaniuma mpaka leo. Kipimo chenyewe hakifiki dakika moja! Wanaume tunakaa na ugonjwa miaka kwa kuogopa dakika moja.

Nikiwa na mpira, na homa juu, walinitoa damu ya kipimo cha PSA, protini inayotoka kwenye tezi dume. Majibu yakarudi 38, wakati kawaida husemwa isizidi 4. Daktari aliyekuwa zamu akasema ni saratani ya tezi dume, imeshasambaa, wiki ijayo watanitoa korodani ili kukata homoni inayoilisha. Nikauliza, kinyama cha tezi hakichukuliwi kwanza kikapimwe? Akasema kwa namba hiyo hakuna haja.

Sikubishana naye. Nilimwambia, "Daktari, naomba nakala ya majibu nikakae na wanangu tuzungumze." Hilo neno wanangu ndilo lililofungua faili, maana mzee akitaka kushauriana na familia yake hakuna anayemkatalia. Nilitoka na karatasi zote, hata ya kipimo cha mkojo.

Basi, mimi shamba la zabibu nalilima kwa daftari. Naandika lini nimepiga salfa ya ukungu, lini nimepogoa, maana ukikosea tarehe mavuno yanaharibika. Hospitali niliandika vilevile, kwenye ukurasa uleule wenye alama ya vidole vya udongo: Jumanne mpira, Jumatano homa, Alhamisi damu. Nilifika Hospitali ya Benjamin Mkapa, kwa bingwa wa mfumo wa mkojo, nikaliweka daftari mezani. Akasoma karatasi ya 38, akasoma daftari, akarudia karatasi.

"Mzee wangu, damu hii ilitolewa siku mbili tu baada ya mpira?"

"Ndiyo, daktari."

"Na mkojo ulikuwa na maambukizi. Namba hii hatuwezi kuiamini."

Akanieleza kwamba tezi ikichokozwa na mpira, au ikiwa na maambukizi, humwaga PSA nyingi kwenye damu hata kama hakuna saratani. Tutibu maambukizi, tusubiri wiki sita, tupime upya. Niliogopa. Wiki sita na saratani mwilini? Akasema saratani ya tezi dume mara nyingi hukua polepole, wiki sita hazitanidhuru, ila nisije nikazigeuza miezi sita. Akaniandikia tarehe ya kurudi, nami siku hiyo nilifika kabla dirisha halijafunguliwa.

PSA ikawa 11. Kidole kikakuta upande mmoja mgumu. Nikapigwa picha ya MRI, kisha wakachukua vinyama 12 kwa sindano. Hiyo inauma kidogo, na mkojo una damu siku chache; kunywa maji mengi.

Wapo waliodhani nilikwenda kutafuta daktari wa kuniambia sina saratani. Ninayo. Majibu ya vinyama yalisema Gleason 7, alama ya ukali wa saratani, yaani 3 jumlisha 4, na picha ya mifupa ikawa safi. Haikuwa imetoka kwenye tezi. Ningekubali kisu cha kwanza, ningetolewa korodani kama mgonjwa ambaye ugonjwa umeshafika mifupani, na saratani yenyewe ningebaki nayo ndani. Badala yake nilipanda treni kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, nikapata mionzi na sindano za homoni za miezi michache. Bima ilisaidia, lakini nauli, chakula na malazi ya wiki hizo vilikula zabibu za msimu mzima.

Mdogo wangu ana miaka 48 na hana dalili yoyote. Daktari alisema ukiwa na ndugu wa damu mwenye ugonjwa huu, hatari yako inaongezeka, kwa hiyo nilimpeleka mwenyewe. PSA yake ni 1.2. Nimeiandika chini ya tarehe ya salfa ya mwisho, na ya mwakani nimeshamwachia nafasi.