Hela, mahindi na boma: maneno ya kila siku na njia yalizopita

Juni ni mwezi wa bajeti, kwa hiyo redioni ni Waziri wa Fedha asubuhi na jioni. Lakini pale sokoni Mwanjelwa, katika baridi hii ya Mbeya, mama muuza viazi halitaji neno fedha. Anasema, "Nipe hela yangu, baba," na mteja anamjibu, "Pesa haitoshi, mama, nipunguzie kidogo." Maneno matatu, kitu kimoja, na kila neno lilikuja na msafara wake.

Fedha ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ile madini nyeupe ya pete na mikufu. Maana hiyo haijafa: mkimbiaji anayeshika nafasi ya pili anavishwa medali ya fedha. Pesa imetoka India, kwenye sarafu iitwayo paisa. Wajerumani walipoanza kutoa sarafu zao huku mwanzoni mwa miaka ya 1890, ile ndogo ya shaba iliitwa pesa, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Hesabu ya 64 ni nyepesi kwa anayegawa nusu na robo, ila inamtesa karani wa vitabu. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikaiacha na kuleta sarafu mpya, Heller, 100 kwa rupia moja. Kiswahili hakipendi neno liishie na konsonanti, hivyo mkia ukakatwa, ikabaki hela.

Na Heller yenyewe ni jina la zamani sana kuliko koloni. Huko Ujerumani ya kusini upo mji wa Hall uliokuwa ukigonga sarafu ndogo tangu Zama za Kati, na sarafu ikachukua jina la mji. Kwa hiyo anayedai hela yake Mwanjelwa anataja, bila kujua, mji ambao huenda hatauona maishani. Waingereza waliifuta rupia baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na 1921 ikaja shilingi. Sarafu ikapotea mifukoni, jina likabaki mdomoni na kupanuka hadi likawa jina la pesa yoyote. Hiki ndicho ninachokipenda zaidi katika maneno: kitu kinakufa, jina lake linaendelea na kazi nyingine. Shule nayo ni ya Wajerumani hao hao, na ndiyo maana Zanzibar, ambako hawakutawala, bado utasikia skuli.

Siku za juma zina jambo ambalo wengi tunalipita kila wiki. Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ya pili, na ukiendelea hivyo tano inaangukia Jumatano. Halafu inakuja Alhamisi, na alhamisi kwa Kiarabu ni siku ya tano! Tano mbili zimefuatana kwa sababu hesabu ni mbili: Waswahili wanahesabu baada ya Ijumaa, yaani kuanzia Jumamosi, Waarabu wanaanzia Jumapili. Tulichukua siku mbili za Kiarabu na kuzishonea kwenye tano zetu. Vivyo hivyo kwenye namba: sita, saba na tisa ni Kiarabu, zilizisukuma kando zile za Kibantu. Ile ya saba ilikimbilia harusini. Fungate, siku za maharusi kukaa ndani, asili yake ni siku saba.

Sasa mahindi, maana huwezi kuandika ukiwa nyanda hizi za juu kusini ukayaruka. Ukitaka kulijua neno, anza kwa kuvua kiambishi. Vua ma-, inabaki hindi. Punje moja moja hutumii neno hilo. Hindi ni lile zima na gunzi lake. Mmea ni muhindi, wingi mihindi. Mtu ni Mhindi, wingi Wahindi. Na mtaa wa katikati ya jiji la Mbeya ni Uhindini. Shina ni moja, viambishi ndivyo vinavyotoa mtu, mmea, tunda na mahali. Angalia pia kwamba mmea umebaki na mu- kamili wakati mtu ana M- tu, na hapo ndipo wanafunzi wanapoteleza wakaandika "mhindi umekauka".

Lakini jina hilo linapotosha. Mahindi hayakuanzia India. Yalifugwa Mexico maelfu ya miaka iliyopita, na kuvuka bahari baada ya safari za Wahispania na Wareno. Watu walikiita chakula kigeni kwa mlango waliodhani kimepitia. Waitalia nao wanayaita nafaka ya Kituruki. Jina la zao linakuambia mnunuzi wa kwanza aliamini nini, halikuambii lilikoota.

Kuvua kiambishi nako kuna hatari yake. Kitabu kwa Kiarabu ni kitāb, na ile ki- ni sehemu ya shina. Waswahili wakaisikia kama ki- ya kiti, wakatunga vitabu. Kipilefti, ule mzunguko wa barabarani, ni vivyo hivyo: ni amri ya Kiingereza ya kushika kushoto, keep left, iliyoandikwa kwenye vibao vya barabarani, na leo mafundi wa barabara wanajenga vipilefti.

Kosa linaloniudhi ni la boma. Utaambiwa kwa uhakika kabisa kwamba ni herufi za mwanzo za idara fulani ya Waingereza. Si kweli, na kulithibitisha hakuhitaji chuo kikuu. Tazama tarehe. Wajerumani waliziita ofisi na ngome zao boma kabla Mwingereza hajashika nchi, na wao walilikuta neno kwa wenyeji, likiwa na maana ya ua wa miti au ukuta wa kuzuia adui na wanyama. Anayekuletea hadithi ya vifupisho, muulize kwanza neno lilikuwapo lini. Kamusi ya Krapf ni ya 1882, ya Johnson ni ya 1939, ya Sacleux ilianza kutoka mwaka huo huo, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ni ya 1981. Ukizifungua kwa mfuatano huo utaona neno lilipoingia na maana ilipogeuka.

Iringa ina boma la aina hiyo hiyo ndani ya jina lake. Kihehe lilinga ni ngome, na ngome iliyokuwa ikisemwa ni ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kule Kalenga, iliyoangushwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Jengo la Wajerumani lililo mjini, ambalo sasa ni makumbusho, linaitwa Boma. Mji wa ngome wenye boma katikati.

Yapo maneno ambayo kamusi za pwani hazitayatendea haki, na haya tuyaandike wenyewe. Chukua ulanzi. Mmea ni mlanzi, wingi milanzi, ule mwanzi unaopandwa Iringa na Njombe. Badili m- iwe u- unapata kinywaji. Msimu wa mvua chipukizi hukatwa ncha, chombo cha mwanzi kiitwacho mbeta hufungwa chini yake, na ncha hukatwa tena asubuhi na jioni ili utomvu usizibe. Ukitoka mtamu, haujachacha, ni mtogwa. Ukikaa unakuwa mkali. Unapoliweka neno kama hili kwenye daftari, andika umoja na wingi, kijiji ulikolisikia, umri wa msemaji, na sentensi nzima aliyoisema kama alivyoisema. Usimsahihishe. Akisema mbeta kwa umoja na wingi, iandike mara mbili.