Nilivyouza nyama ya ng'ombe bila mfupa Uingereza, 1997 hadi 1999

Kuanzia tarehe 16 Desemba 1997 hadi Desemba 1999, Uingereza ilipiga marufuku kuuza nyama ya ng'ombe yenye mfupa kwa sababu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Steki ya mfupa, mbavu za kuoka, mkia, mifupa ya supu, vyote vikatoka buchani. Ng'ombe aliyechinjwa kabla ya kutimiza miezi 6 hakuhusika, wala kondoo.

Hofu yenyewe ilikuwa ugonjwa kujificha kwenye vifundo vya mishipa ya fahamu vinavyokaa kwenye matundu kati ya pingili za uti wa mgongo. Kwa hiyo namna ya kutoa mfupa ndiyo iliyokuwa na uzito. Msumeno niliuweka kando, maana hurusha unga wa mfupa juu ya nyama. Sikukwangua kati ya pingili pia. Nyama iliyong'ang'ania pale niliiacha iende na mfupa. Hasara ni ndogo, na usalama wa mteja unakuja kwanza.

Kwa mbavu, tumia kisu chembamba cha inchi 6. Anzia ncha za mbavu, ingiza kisu chini yake, na makali yaelekee mfupa muda wote. Zinyanyue zote pamoja kama jamvi mpaka ufike kwenye uti, kisha zunguka uti taratibu. Makali yakigeukia nyama utachimba shimo kwenye mnofu mkubwa: maji yatatokea hapo wakati wa kuoka na vipande vitameguka ukikata. Toa pia kano nene la njano, halilainiki hata ulipike kutwa.

Upande uliokuwa na mfupa sasa uko wazi, hivyo hukauka upesi. Nilitandaza hapo mafuta ya ng'ombe ya unene wa milimita 5, nikafunga kwa uzi wa pamba kila baada ya sentimita 3, umeshika lakini bila kuminya. Wateja niliwaambia watoe nyama kwenye oveni katikati ikifika nyuzi 65, waiache dakika 20 kabla ya kukata.

Pengo la mkia lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu utamu wake ni ule utelezi. Niliwapa nyama ya muundi isiyo na mfupa, kano zote zikiwemo, pamoja na shingo ya kondoo yenye mfupa. Zikichemka saa 3 kwa moto mdogo, mchuzi unashika midomo.