Felti ilikuwa inanyofoka kwenye mashine, nikaidhibiti hivi

Shada la majani ya felti (kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa, kisichofumwa) la kutundika ukutani siku ya sherehe ya mtoto linaonekana kazi ndogo, hasa ukiwa na mashine ya kukatia inayoongozwa na kompyuta. Lakini felti nyembamba ya polista niliyonunua Kariakoo ilinitoa jasho. Kisu kinaingia, kinaburuta nyuzi, ncha ya jani inabaki na manyoya kama sharubu za paka. Mkeka wa mashine, ule wenye gundi unaoshikilia kitambaa kinapokatwa, nao ukajaa nyuzinyuzi, ukaacha kushika.

Dawa niliipata kwa fundi cherehani. Kile kitambaa chepesi chenye gundi ambacho hupigwa pasi ndani ya kola, nilikibandika nyuma ya felti. Pasi isiwe kali, na weka kipande cha kanga juu yake, maana polista huyeyuka. Ikipoa, upande huo ndio unaolala kwenye mkeka. Kingo zishike kwa tepu ya karatasi. Kisu kiwe kipya, mwendo wa polepole, kirudie mstari uleule mara mbili au tatu. Kabla ya kutoa mkeka inua kona ya felti uhakikishe imekatika, kwani ukishautoa mistari hailingani tena. (Umeme ukikatika katikati, pole yako.)

Vijani vidogo sana achana navyo, mkasi unavikata vizuri zaidi. Kuunga ni sindano na uzi tu.