Tabora hadi Ujiji kwa baiskeli ya gia: kila kitu ni upepo wa tairi

Watu wakisikia mtu ametoka Tabora mpaka Ujiji kwa baiskeli, swali la kwanza huwa ni milima. Milima haina neno. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na Ziwa Tanganyika liko kama mita 770. Ukifuata reli unapita zaidi ya kilomita 400, kwa hiyo mteremko wenyewe hata huuoni. Kinachokuangusha huku kiko chini ya tairi: kichanga cha Unyamwezi, udongo mweusi wa mbuga, mbigiri, na visiki vilivyobaki baada ya moto wa porini. Lami ipo sehemu kubwa ya njia, lakini anayetaka lami tu si apande basi? Mimi nilifuata njia za vijijini, za mikokoteni na za ng'ombe, pamoja na njia inayoambaa na reli. Lami niliigusa pale ambapo mto hauna mahali pengine pa kuvukia.

Nianze na chombo. Nilichagua fremu ya chuma kwa sababu ikipasuka, fundi wa kuchomelea milango ya chuma anaiunga. Ya alumini ikipasuka Kaliua, umepanda treni. Rimu ni za inchi 26, najua zimepitwa na wakati mijini. Tairi na mipira ya inchi 26 unaikuta kwenye maduka ya vipuri ya miji midogo, ila ya 27.5 na 29 ubebe mwenyewe yote. Baiskeli za Phoenix zilizojaa vijijini ni za inchi 28, kwa hiyo mipira yake na spoku zake hazikufai. Beba spoku 6 za urefu wa rimu yako mwenyewe, uzifunge kwa selotepu kwenye bomba la fremu. Spoku za upande wa gia za gurudumu la nyuma ndizo hukatika kwanza, na mara nyingi ni fupi kuliko za upande wa pili, kwa hiyo pima pande zote mbili kabla ya kununua. Breki ziwe za vipande vya mpira vinavyobana rimu. Disiki za mafuta ni nzuri hadi siku zitakapovuja mahali ambapo hakuna anayejua mafuta yake ni yapi.

Gia ndogo kabisa iwe meno 22 mbele na 34 nyuma. Wengine watasema hiyo ni gia ya kupandia ukuta, lakini hapa ni ya kichanga, si ya mlima.

Cheni niliipika kwenye nta ya mishumaa. Ioshe kwa petroli mpaka mafuta yote yatoke, iache ikauke, itumbukize kwenye nta iliyoyeyuka juu ya moto mdogo, mbali na ile petroli, iache mpaka mapovu yaishe, kisha itundike ipoe. Mafuta ya kawaida yanakamata vumbi jekundu na kugeuka msasa unaokula meno ya gia. Tabora ni nyumbani kwa nta ya nyuki na inashawishi kuitumia, ila hiyo inanata na vumbi linaipenda.

Sasa upepo. Kwa tairi la 26 x 2.1 lenye mpira ndani, uzito wa mtu na mzigo ukifika kama kilo 85, mimi nilitumia hivi: kwenye lami psi 45 (psi ni kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye geji) nyuma na 40 mbele, njia ngumu ya udongo 35 na 30, kichanga 22 na 18. Tofauti ya kichanga na lami ni karibu nusu ya upepo wote, ndiyo maana pampu nzuri yenye geji ni kifaa cha lazima. Geji ikifa, kaa kwenye kiti huku mwenzako akitazama tairi la nyuma. Kwa kichanga linatakiwa litanuke waziwazi pale linapogusa ardhi, bila rimu kukaribia chini. Vali nilichagua ile nene inayofanana na ya pikipiki, kwa sababu mafundi wa bodaboda wapo kila senta na wengi wana kompresa. Ila kompresa ya pikipiki hujaza mpira wa baiskeli kufumba na kufumbua. Mwambie fundi aguse na kuachia, aguse na kuachia, ukikagua kwa geji yako. Akikandamiza mfululizo mpira unapasuka na tairi linaruka nje ya rimu.

Nilianzia Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, penye tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa, la Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mwingereza. Hapo ndipo Livingstone alipowasubiri wapagazi waletwe kutoka pwani. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, aliondoka kurudi pwani Machi 1872, naye Livingstone akaondoka Agosti mwaka huohuo kuelekea kusini, asirudi tena. Miembe iliyopo Tabora na Ujiji ni alama ya njia ya zamani ya misafara ya biashara, na mpaka leo ni mahali pazuri pa kukagua tairi kivulini. Kichanga huanza mara tu unapoachana na nyumba.

Kwenye kichanga punguza gia kabla tairi la mbele halijaingia. Ukichelewa, cheni inahama ikiwa imekazwa na inaweza kukatika. Sogea nyuma ya kiti, legeza mikono, zungusha pedeli haraka kwa gia nyepesi, macho mita 10 mbele. Usishike breki ya mbele na usikate usukani ghafla. Baiskeli itayumbayumba, iache iyumbe, itajinyoosha yenyewe. Asubuhi, umande ukiwa bado ardhini, kichanga kimeshikana, na ule mgongo wenye nyasi katikati ya alama mbili za mkokoteni unapitika vizuri. Saa sita mchana mahali palepale utasukuma. Kwa hiyo nilikuwa natembea kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano, napumzika, namalizia jioni. Panga kilomita 50 au 60 kwa siku. Anayepanga 100 anajidanganya.

Tatizo la upepo mdogo ni kwamba kichanga kinaisha ghafla. Unatoka na psi 20, unagonga mzizi wa mti wa mtundu uliokatiza njia, na mpira unabanwa kati ya rimu na mzizi. Hapo mpira unatoboka mara mbili, vitundu viwili vilivyokaa sambamba. Ukiona viwili, sababu ni upepo mdogo. Ukiona kimoja, ni mwiba. Kabla ya kuziba, pitisha vidole polepole ndani ya tairi zima, maana ncha ya mbigiri ikibaki humo utaziba tena kabla ya kilomita moja. Kwangua kwa msasa eneo kubwa kidogo kuliko kiraka, paka solusheni nyembamba, subiri mpaka mng'aro wake upotee, kama dakika 3 hadi 5 kwa jua la huku, ndipo ubandike na kukandamiza kwa mpini wa kijiko. Wengi wanabandika solusheni ikiwa mbichi halafu wanalaumu viraka vya kichina. Ukimaliza, nyunyiza vumbi laini kidogo juu ya kiraka kisinate na tairi kwa ndani.

Mbigiri wenyewe wamejaa pembezoni mwa vijiji, kwenye viwanja vya mpira na njia za ng'ombe. Kabla ya safari nilitia dawa ya kuziba pancha ndani ya mipira, mililita 100 kila mmoja, kwa kufungua kiini cha vali. Ukisikia tairi linapumua, chomoa mwiba, zungusha gurudumu tundu lielekee chini, subiri kidogo dawa iingie. Inafaa kwa vitundu vya miiba. Visiki vilivyoungua ni kesi nyingine, vinachana ubavu wa tairi. Kwa hilo kata kipande cha tairi kuukuu, kama sentimita 6 kwa 4, ukiweke ndani kati ya tairi na mpira. Kuanzia Agosti moto umeshapita sehemu nyingi za miombo na visiki hivyo vinakaa palepale pembeni mwa njia, vyeusi kwenye majivu meusi. Kwa sababu hiyo naona Juni na Julai ndiyo miezi bora, hata kama alfajiri kuna baridi.

Kuuliza njia kuna ufundi wake. Ukisema "Ni mbali?" utajibiwa "Hapo tu", na hapo tu ni kilomita 15. Salimia kwanza, Mwangaluka kwa upande wa Tabora, halafu uliza: "Samahani mzee, baiskeli ya mkaa inapita njia hiyo?" Mzee mmoja karibu na Urambo alinijibu, "Inapita, mwanangu, lakini kule bondeni wanashusha gunia moja moja." Jibu hilo lilinitosha: njia ipo, bonde lina mwinuko mkali, na chini kuna tope. Urambo ndiko alikotawala Mtemi Mirambo, aliyefariki 1884. Vita vyake na Waarabu wa Tabora ndivyo vilivyoifunga njia hii mwaka 1871, mpaka Stanley akalazimika kuzungukia kusini kabla ya kupanda tena kuutafuta mto Malagarasi.

Kila kijiji unachotaka kulala, ripoti kwa mtendaji au mwenyekiti na kitambulisho mkononi. Na usiingie pori la akiba wala hifadhi ya msitu kwa sababu tu kuna kijia kinachopendeza.

Ukikaribia Malagarasi unaingia kwenye mbuga. Wageni wakisikia mbuga wanawaza wanyama, ila hapa nazungumzia ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukikauka unapasuka nyufa zinazomeza tairi la mbele, kwa hiyo zikate kwa pembe, usifuate urefu wake. Ukinyeshewa, umekwisha. Udongo unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma. Toa madigadi kabisa kabla ya safari, tembea na kijiti cha kukwangulia, na mvua ikipiga, simama. Jua la nusu siku linafanya kazi ambayo miguu yako haitaiweza.

Mto uvuke darajani. Malagarasi ni mto mrefu wa karibu kilomita 475 na ardhi oevu yake, Malagarasi-Muyovozi, iliingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu. Ndani yake kuna viboko na mamba. Msafara wa Stanley ulipovuka 1871, punda wao aliyeitwa Simba alikuwa akivutwa kwa kamba ndani ya maji, mamba akamkamata shingoni na kuzama naye. Hata maji ya kunywa nilichota kwenye visima vya vijiji, si ukingoni.

Mbung'o wanaanza pale miombo inapokuwa minene. Wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, na kitu kinachotembea, kwa hiyo mwendesha baiskeli aliyevaa bluu amejitangaza. Nilivaa kaki iliyopauka, shati la mikono mirefu la kitambaa kizito, maana kile chepesi cha michezo wanakitoboa. Begi langu la nyuma lilikuwa jeusi, nikalifunika kwa gunia la unga. Kusimama hakusaidii, pita mpaka ufike mashambani. Ukipata homa ndani ya wiki 1 hadi 3, au kidonda kikavimba pale ulipoumwa, mwambie daktari uliumwa na mbung'o ili apime malale, asiishie kwenye malaria.

Maji nilibeba lita 6 nikitoka kila kijiji. Jasho linaondoka na chumvi, kwa hiyo kila siku lita 1 nilichanganya na vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Vijiko vilivyofutwa juu, si vya mlima. Chumvi ukiishiwa, Uvinza ipo. Chemchemi zake za maji ya chumvi ziko karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, na uchimbaji wa akiolojia wa miaka ya 1960 ulionyesha watu wanachemsha chumvi hapo tangu karne ya 5 au ya 6. Sababu mojawapo ya njia hizi kuwepo ni hiyo chumvi, hata kabla ya pembe za ndovu.

Baada ya Uvinza ndiyo vilima vinakuja, na changarawe juu ya udongo mgumu. Rudisha upepo 35 na 30. Kwenye mteremko bana breki ya nyuma kwa vipindi, uache rimu ipoe. Kabla hujashuka bonde la mto Luiche badilisha vipande vya breki vikibaki chini ya milimita 3. Baiskeli za mawese zinapanda kutoka upande wa pili zikiwa na madumu mawili matatu, na kwa heshima wapishe. Salamu huku ni Mwakeye.

Ujiji, miembe iliyopo kwenye kumbukumbu ya Livingstone inasemekana ni uzao wa ule mwembe ambao Stanley alikutana na Livingstone chini yake 1871. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walikuwa wameshafika hapa Februari 1858. Kula migebuka na ugali wa muhogo, kisha panda mpaka stesheni ya Kigoma, mwisho wa reli tangu 1914. Baiskeli inakwenda kama mzigo. Ioshe kwanza, legeza usukani uulaze sambamba na fremu, ng'oa pedeli (ya kushoto inafunguka kinyume, upande wa saa), zifunge kwa raba za mpira wa ndani, andika jina na stesheni unayoshukia kwenye fremu na kwenye karia, pima, chukua stakabadhi. Upepo punguza kidogo tu, maana rimu isiyo na upepo ikilaliwa na magunia ndani ya behewa itafika Tabora imepinda.