Siku yangu moja Kisumu, kuhamisha sosi kodi za skrini ya kijani kwenda Git

Saa moja na nusu asubuhi. Matatu kutoka Kondele, jam kama kawaida. Mimi huandika programu za stoo, mauzo na mishahara kwa RPG, lugha ya kuandikia programu, zote ziko kwa IBM i, ile mashine ya kampuni wazee bado wanaiita AS/400, jina la tangu 1988, na usiicheke kwa sababu ya skrini yake ya kijani, invoisi za wateja zinatoka humo kila siku.

Saa tatu. Leo ni zamu ya stoo kuingia Git, chombo kinachoweka kumbukumbu ya nani alibadilisha laini gani na lini. Shida ni kwamba sosi kodi, yaani maandishi ya programu, huku haikai kama faili za kawaida, inakaa kama memba ndani ya faili moja kubwa, mfano QRPGLESRC, na jina la memba mwisho ni herufi 10. Kwa hivyo mtu akitaka kubadilisha kitu anakopi STK010 anaita STK010OLD, mwingine anakuja anatengeneza STK010BK, halafu kuna STK010X, na hakuna anayejua X ni ya nani.

Saa nne, chai. Mzee aliyeandika karibu nusu ya hizi programu ananiuliza, "Sasa binti yangu, tarehe zangu zinaenda wapi?"

Swali zuri kuliko yote niliyosikia kwa mitingi za hii kazi! Kila laini ya memba ina tarehe ya mara ya mwisho iliguswa. Ukitoa memba na komandi ya CPYTOSTMF kwenda IFS, upande wa faili za kawaida, maandishi pekee ndiyo yanatoka, tarehe zinabaki nyuma, na Git itaonyesha kila laini imeandikwa na mimi, leo. Mzee anazitumia kweli, VAT iliposhuka hadi asilimia 14 Aprili 2020 na kurudi 16 Januari 2021, yeye huziangalia tu hizo tarehe anajua ni laini gani zilibadilishwa wakati huo.

Tukakubaliana hivi. Faili ya sosi ni tebo kama tebo zingine, ina SRCSEQ (namba ya laini), SRCDAT (tarehe) na SRCDTA (maandishi yenyewe), so nikatengeneza alias, jina la kuifikia, kwa kila memba nikazitoa laini zote na tarehe zake kwa SQL, lugha ya kusoma tebo, zikaingia ripo, yaani stoo ya Git, kama faili za teksti. Laibrari ya zamani inabaki ya kusoma tu.

Saa sita. Kubadilisha herufi kutoka EBCDIC, mfumo wa IBM, kwenda UTF-8 ya kawaida, ambayo huku namba yake ni CCSID 1208, hapo hakuna stori. RPG inakompaili poa moja kwa moja kutoka IFS na opsheni ya SRCSTMF, lakini DDS, yaani maelezo ya sura ya skrini, bado zinataka memba, lazima uzirudishe kwanza kwa memba ya muda ndio ukompaili. Inachosha.

Lanchi, omena. Joto!

Saa tisa. Stoo wanapiga simu, ripoti inaraundi vibaya. Nafungua tawi jipya kwa Git, nakala ya pembeni ya kufanyia kazi, narekebisha kwa VS Code, programu ya kuhariri kodi, namwita mzee aangalie kabla sijaliunganisha na ile kuu. Anaona laini mbili tu, ya zamani nyekundu na mpya kijani, anacheka, "Na mimi nilikuwa naprinti zote mbili nizilinganishe na rula."

Bado anataka kuweka herufi za jina lake na tarehe kwa komenti pembeni ya kila laini anayogusa. Git inajua hayo tayari mzee, namwambia. Hataki. Nimemwachia.

Saa kumi na moja nafunga. Kesho ni mishahara, na huko memba za BK zimeshinda zile za ukweli kwa wingi.