Jioni ya kwanza Lisbon, na wazee wa karata wa Alfama

Jana jioni nimetua Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Naishi Leicester, Uingereza, nafanya kazi nyumba ya wazee huu mwaka wa sita, na hii ndo likizo ya kwanza nauli sikuielekeza Mombasa, mamangu bado hajanisamehe. Mkoba nikautupa hosteli, nikasali, nikatoka kwa miguu kwasababu mi naamini mji haujuliki ukiwa ndani ya basi.

Nikaanzia Rossio, uwanja mkubwa ulotandikwa vijiwe vyeupe na vyeusi mawimbi mawimbi, ukivitazama sana kichwa chazunguka. Pembeni kuna kanisa la São Domingos, mbele yake ndo baraza la Waafrika wa huku, wengi watu wa Guinea-Bissau, wamesimama vikundi vikundi wanapiga soga, mama mmoja akaniuzia njugu akanisemesha Kireno nikabaki kutabasamu tu. Kibao cha kanisa kimeandikwa Igreja. Nikasimama hapo kama nimeitwa jina langu. Igreja ndo gereza letu! Neno la kanisa kwao, kwetu jela, na Fort Jesus, ngome ya Mombasa ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ilikuwa na kanisa ndani na baadae ikawa jela kweli, mpaka 1958.

Kutoka hapo nikashuka mtaa wa Baixa, barabara zote zimenyooka kama mistari ya daftari. Mji wa zamani wa hapa uliangushwa na tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, watu wakiwa kanisani siku ya Watakatifu Wote, alafu moto, alafu bahari ikapanda, ndo waziri wa mfalme, Marquês de Pombal, akaujenga upya. Ukifika mwisho watokea Praça do Comércio, mbele yako mto Tejo mpana mpaka wafikiri ni bahari. Kabla ya tetemeko ikulu ya mfalme ilikuwa hapa, na Casa da Índia, ofisi ya kuhesabu mali zilizotoka huko kwetu na India. Nikakaa kwenye ngazi zinazoshuka majini, upepo baridi nikajifunga leso, na leso lenyewe neno lao, lenço. Mji huu ndo ulomtuma Vasco da Gama 1497, mwaka wa pili yake akafika Mombasa wasielewane naye akaenda Malindi, na 1505 wakaja Wareno wengine chini ya kamanda wao Almeida wakaichoma Mombasa moto. Sikuweza kukaa pale nikala njugu tu kama mtalii, moyo ulikuwa mzito na sioni aibu kusema.

Saa mbili na nusu usiku, jua bado lipo, nikapanda Alfama. Hapa ndo pana mambo. Alfama jina la Kiarabu, al-hamma, chemchemi za maji moto, kwasababu Waislamu walikaa mji huu mpaka 1147, na mtaa wenyewe sehemu kubwa ulipona tetemeko kwahivyo vichochoro viko vilevile, ukinyoosha mikono wagusa kuta mbili, nguo zimeanikwa madirishani, harufu ya samaki wa kuchoma, wamama wawili wanaongea dirisha kwa dirisha. Yaani Kibokoni kabisa, mtaa wetu Mombasa, isipokuwa ngazi, ngazi nyingi mpaka magoti yanalia.

Kwenye kiuwanja kidogo nikakuta wazee wanne wanacheza karata kwenye meza ya plastiki, na meza pia ni mesa. Nlikuwa napita tu. Mmoja akapiga karata mezani paa! akasema "trunfo". Nikageuka. Turufu! Nikasogea. Nikasikia "kopash", kopa, majina yaleyale ya karata zetu. Nikasikia "orush", uru. Alafu yule mwenye kofia akasema shupaza, wallahi nilisikia hivyo, kwa maandishi ni espadas lakini mtu wa Lisbon haitamki kama ilivyoandikwa, atoa "shpadash", sasa nimeelewa hiyo sh yetu imetoka wapi. Miaka mingapi hiyo, tetemeko limepita, ngome wamenyang'anywa na Waomani 1698, na neno likabaki kwenye baraza la babu yangu pale Kibokoni, kila baada ya alasiri, yeye na wenzake watatu na mikeka yao na kahawa.

Nikawaonyesha kwa kidole, kopa, uru, shupaza, pau. Wakaacha kucheza. Mwenye kofia akauliza kitu nikasema Mombasa, akarudia, Mombaça, akawaambia wenzake, akanivutia kiti. Hatukuwa na lugha ya kuongea ila nimekaa hapo karibu saa nzima, kila karata ikianguka wananitazama niitaje, naitaja, wanapiga makofi.

Kesho naenda Museu Nacional de Arte Antiga, kuna Custódia de Belém, chombo cha kanisa cha mwaka 1506 kilichotengenezwa kwa dhahabu ya kodi alotozwa sultani wa Kilwa. Nataka kuiona kwa macho yangu dhahabu hiyo, na nikiwa nayo uso kwa uso nitawasomea dua wazee wa Kilwa.

Usiku nlipofika hosteli nikamtumia babangu sauti ya wale wazee, nlirekodi dakika mbili hivi. Yeye ndo alorithi karata za babu. Akajibu alfajiri, baada ya swala, hakuuliza nimekula nini wala kama kuna baridi. Kauliza, "Turufu ilikuwa gani?"

Nikamwambia shupaza.