Blanketi la Njombe

Julai Dar es Salaam huwa inapoa kidogo, lakini nilifika Stendi ya Magufuli, Mbezi, saa kumi na moja alfajiri shati limeshanata mgongoni. Jirani yangu kwenye basi, mama wa makamo, alikuwa na blanketi zito mapajani.

"Sweta umebeba, mwanangu?"

"Liko kwenye buti, mama."

"Shuka ukalichukue. Njombe haikusubiri ufungue begi."

Chalinze ilitupita nikisinzia. Morogoro niliamka, maana Uluguru haulaliwi. Mawingu yalikuwa yamekaa mgongoni mwa mlima. Unyevu unaopeperushwa kutoka Bahari ya Hindi hugota pale na kuwa mvua, na huko ndiko chanzo cha Mto Ruvu, unaotuletea maji ya bomba Dar. Nilitazama ule mlima kwa heshima ya mtu aliyeoga asubuhi hiyo.

Mikumi tuliona twiga na pundamilia, basi likaenda taratibu. Baada ya hapo nchi ikakauka ghafla. Ruaha Mbuyuni joto lilikuwa kali kupita la Dar, mibuyu imesimama bila jani hata moja, huku vijana wakikimbilia madirishani na mafungu ya vitunguu. Vitunguu hivyo hunyweshwa kwa maji ya mto, si ya mvua.

Kisha Kitonga. Barabara inajikunja ukutani mwa mlima, malori yananguruma mbele yetu kwa mwendo wa konokono, na upande wa pili ni korongo tupu. Masikio yaliziba. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kama nyuzi sita, na mimi nililisikia likishuka shingoni. Ilula, penye matenga ya nyanya, abiria walianza kufunga vioo. Mafinga ilikuwa misonobari mfululizo. Makambako upepo ulitupiga mlangoni tu.

Njombe tuliingia saa mbili usiku. "Kamwene!" mwenyeji wangu alinipokea, akaniketisha karibu na moto kabla hata ya kuniuliza habari za safari.

Asubuhi nilitoka nje. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu nyembamba, mashamba ya viazi yakifuka ukungu. Niliinama nikazigusa. Zilivunjika vidoleni kama chumvi ya mawe. Nina miaka 34, na sikuwahi kushika barafu ambayo haikutoka kwenye friji.